Filamu Iliyopatanisha Mwavuli na Ndoo

Mtu mwenye pande mbili husemwa, lakini asiye na upande husemwa zaidi. Mtunza nyaraka mkuu wa serikali aliitwa Katikati, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Watu wa chama cha Mwavuli walimwita hivyo wakimaanisha kwamba moyoni ni wa Ndoo ila anaogopa kusema. Watu wa chama cha Ndoo walimwita hivyohivyo wakimaanisha kinyume chake. Mwenyewe alilipokea jina, akalizoea, hata akiitwa lile la kwenye cheti alikuwa anageuka kumtafuta mwenye nalo.

Tena hakuwa na mzaha. Kwa kuwa chama tawala alama yake ni mwavuli na rangi yake ni pinki, na cha upinzani alama yake ni ndoo na rangi yake ni feruzi, Katikati hakumiliki mwavuli wala ndoo. Mvua ikinyesha, alilowa. Alifika ofisini anachuruzika kama kuku aliyeopolewa kisimani, akasaini, akaanza kazi. Maji ya nyumbani aliyateka bondeni kwa sufuria kubwa ya masikio mawili, na nusu yake ilimwagika njiani. Madumu nayo alikuwa ameyaacha, tangu aliposikia kuna chama kichanga kinafikiria alama ya dumu.

"Mwanangu alioa msomi," mama mkwe wake alipenda kuwaambia majirani. "Usomi wenyewe ndio huo unaopita na sufuria kichwani."

"Mama, mimi natunza nyaraka za serikali. Watu wananiangalia."

"Wanakuangalia kweli, mkwe wangu. Mtaa mzima."

Ofisini ndiko usiseme. Nyumba ya Nyaraka ilikuwa jengo la chini lenye madirisha madogo, linanuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mlangoni palikuwa na safu ya kulabu na kibao: ANAYEINGIA AACHE RANGI ZAKE HAPA. Kofia, fulana, skafu, beji, vyote vilitundikwa, na mgeni akapewa koti la kijivu la kufika magotini, la vifungo hadi shingoni, halina mfuko hata mmoja. Kuna mheshimiwa aliwahi kuja na suti ya pinki kuanzia kola hadi soksi. Aliingia kusoma na koti la kijivu, na chini yake vijiguu vyake vitupu, na akasoma alichokuja kusoma.

Zile kulabu peke yake zilimzeesha Katikati. Mwanzo aliwapa Mwavuli za kulia na Ndoo za kushoto, Ndoo wakalalamika kwamba za kulia zinapata upepo wa feni. Akazichanganya, Mwavuli wakalalamika kwamba kofia zao zinagusana na za wale. Mwishowe akasema kila mtu atundike anapopata, na asiyetaka arudi kwao.

"Faili halina chama," alikuwa akisema. "Likiwa na chama si faili tena, ni bango."

Hayo aliyaamini kama watu wanavyoamini dawa ya bibi. Vyama huja na kwenda, waziri huyu anafuta alichoandika yule, lakini lazima pawe na chumba kimoja nchini ambamo kilichotokea kimebaki kilivyotokea. Chumba hicho kilikuwa chake.

Basi msimu wa kampeni ukaingia, na mtu mmoja mwenye kumbukumbu mbaya kwa afya ya wengine akakumbuka filamu ya bomba.

Ilikuwa filamu fupi, imekaa ndani ya kopo la bati kwenye rafu ya chini kabisa, tangu enzi ambazo Mwavuli na Ndoo walikuwa bado chama kimoja. Ilionyesha uzinduzi wa bomba la maji la mtaa. Wazinduzi walikuwa vijana wawili wa kamati ya maji, na vijana hao ndio wenyeviti wa leo wa Mwavuli na Ndoo, mabwana ambao kila mmoja huapa jukwaani kwamba hajawahi hata kumsalimu mwenzake. Katika filamu walikuwa wamekumbatiana. Tena walicheza ngoma pamoja. Tena, kwa kadiri Katikati alivyokumbuka, mmoja alimfuta mwenzake jasho kwa leso.

Dalili za kwanza zilimfikia nyumbani, mezani, kupitia kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, mwenezi wa Mwavuli wa kata, mtu wa maneno mengi na viatu vya pinki.

"Shemeji," aliuliza akiwa anapuliza chai, "hivi filamu za zamani huwa zinaungua?"

"Zikiwashwa."

"Namaanisha zenyewe. Kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ya nani, shemeji?"

Shemeji akarudi kupuliza chai. Mama mkwe, ambaye alikuwa anachambua mchele na kujifanya hasikii, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, mwizi gani anayeuliza njia kwa mwenye nyumba?"

Asubuhi iliyofuata shemeji huyo alitokea Nyumba ya Nyaraka. Alitundika kofia, fulana na viatu, akavaa koti la kijivu na kandambili za ofisi, akaomba kusoma habari za mifugo. Katikati alijua fika kwamba shemeji yake anaogopa hata mbuzi. Lakini raia ana haki ya kusoma habari za mifugo, na mtunza nyaraka anayebagua wasomaji ataishia kubagua na nyaraka. Akampa kiti kinachoonekana kutoka mezani kwake.

Baada yake akaingia kinyozi mmoja mwembamba mwenye masharubu ya kuchorwa. Naye alitundika fulana ya feruzi, akavaa kijivu, akaomba kusoma habari za mifugo.

"Leo mifugo ina soko," Katikati alisema moyoni.

Angewashika wote wawili kabla hawajanyanyuka, lakini hapohapo mlangoni pakawaka moto. Watu wawili walikuwa wamegombea kulabu moja. Mmoja alitaka kutundika kofia ya pinki, mwingine ya feruzi, na kulabu nyingine zote zilikuwa tupu, ila kila mmoja alisema hawezi kumwachia mwenzake kwa sababu leo ni kulabu, kesho ni nchi. Katikati alitoka mezani kwenda kuamua.

Yaliyotokea nyuma ya rafu aliyasikia baadaye kutoka kwa shemeji mwenyewe, ambaye aliyasimulia bila haya, kama mtu anayesimulia safari. Yeye alikuwa ameambiwa na chama kwamba atakuta msaidizi humo ndani. Kinyozi naye alikuwa ameambiwa na chama chake vilevile. Wasaidizi wenyewe ndio wale waliokuwa mlangoni wakikabana makoo kwa ajili ya kulabu. Na ndani, watu wote wakiwa kijivu kuanzia shingoni hadi magotini, nani angejua nani ni nani?

"Wewe ndiye wa kusaidia?" shemeji alinong'ona.

"Mimi. Wewe ndiye wa kusaidiwa?"

"Ndiyo. Ile ya bomba?"

"Hiyohiyo."

Wakapeana mikono kwa furaha. Wakapiga magoti pamoja, wakatafuta pamoja, na walipolipata kopo kinyozi alimpangusia shemeji vumbi la magoti kwa upendo wa kichama.

"Hawa jamaa wa upande ule ni wajinga sana," kinyozi alisema.

"Ungemwona mwenezi wao!"

"Namsikia tu. Wanasema anaongea kama mashine ya kusaga."

"Ndiye huyohuyo!" alijibu shemeji, akicheka hadi machozi, asijue kwamba anayechekwa ni yeye.

Koti halikuwa na mfuko, kwa hiyo kopo lilipita chini ya koti la kinyozi, juu ya kitovu. Mtu mwembamba vile akaonekana ana mimba ya miezi saba. Shemeji akamshika mkono kama mume mwema, wakatembea taratibu hadi mlangoni, mahali Katikati alipokuwa ameshatenganisha wagombea kulabu kwa kuing'oa kulabu yenyewe.

"Habari za mifugo zimetushibisha," shemeji alisema, akanyoosha mkono kuchukua kofia yake ya pinki.

Kinyozi akanyoosha mkono kuchukua fulana yake ya feruzi.

Wakatazamana. Kopo likadondoka kutoka tumboni, likabiringika sakafuni, likasimama mbele ya kandambili za Katikati.

"Mwizi!" akapiga kelele shemeji. "Ndoo wanaiba nyaraka za taifa!"

"Mwizi wewe! Mwavuli wamenitia mimba!" akajibu kinyozi, na hata yeye alishtuka kusikia alichosema.

"Mlitaka kuifanyia nini filamu hii?" akauliza shemeji.

"Kuichoma! Na ninyi?"

"Sisi…" Shemeji alishusha sauti. "Sisi kuichoma."

Wanachama wale wanne, pinki wawili na feruzi wawili, walitazamana kama ndugu waliopotezana utotoni. Halafu, mbele ya macho ya Katikati, shemeji na kinyozi wakapeana mikono kwa mara ya pili, safari hii kila mtu akiwa na rangi yake.

Katikati aliokota kopo lake akalikumbatia. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa mkono ule. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na yeye alikuwa kunguru mzoefu. Mwavuli wakitaka faili lipotee, aliwaambia tu, "Ndoo wameshaliulizia," nao wakaona aibu wakaondoka. Ndoo wakitaka ukurasa unyofolewe, aliwatajia Mwavuli. Hivyo ndivyo nyaraka zilivyopona miaka yote. Lakini panzi wakipatana, kunguru atakula nini?

Simu ya katibu mkuu wa wizara ilikuja mchana huohuo.

"Vyama vyote viwili vimeomba filamu ya bomba iteketezwe," alisema. "Unaelewa uzito wake? Vyama hivi havijawahi kukubaliana hata siku ya kuanza kwa mwezi."

"Kanuni inaniruhusu kuteketeza kitu baada ya waombaji kukitazama wenyewe, hadharani, na wananchi kuulizwa kama wana pingamizi."

"Wananchi gani watapinga?"

"Sijui, mheshimiwa. Kanuni inasema waulizwe."

"Itisha basi. Lakini pingamizi lisipopatikana na wewe ukaendelea kubisha, kiti hicho utakiaga. Wapo wengi wanaojua kufuta vumbi."

Usiku ule hakula. Mama mkwe alimsogezea sahani, akaisogeza tena, akaona hapana, akaila mwenyewe.

Siku ya kikao ukumbi wa kusomea ulijaa pomoni. Tangazo lilikuwa limebandikwa getini, na watu walikuja kwa sababu zao: wengine kuona wenyeviti kwa karibu, wengine kwa ajili ya feni. Mama mkwe alikuwa wa feni. Aliketi mstari wa mbele kabisa na mkoba mapajani. Katibu mkuu alikaa pembeni akiangalia saa.

Wenyeviti wakaingia, wakavuliwa rangi. Wa Ndoo, mzee aliyekuwa na upara unaong'aa, alimezwa na koti lake. Wa Mwavuli, koti halikufunga. Likaletwa kubwa, nalo likakataa tumbo. Mwisho akavalishwa mawili, moja kwa mbele na moja kwa nyuma, akakaa amenyooka kama mtu aliyefungwa plasta. Fundi mitambo akavuta mapazia, akapiga mashine kofi moja, filamu ikaanza kuzunguka.

Wakatokea vijana wawili wembamba kama fito, nywele zimetuna, suruali zimepanuka chini. Ngoma ikalia. Wakacheza. Jamani, walicheza! Mmoja alizungusha kiuno hadi kamera ikayumba, mwingine akaruka na kutua kwa goti moja, akainuka bila kushika chochote. Kisha kweli leso ikatoka, jasho likafutwa, wakakumbatiana.

Shemeji na kinyozi waliziba macho kwa niaba ya vyama vyao.

"Simamisha!" akaita mwenyekiti wa Mwavuli.

Katikati akajua yamekwisha.

"Huyo…" mwenyekiti alisema kwa sauti nyembamba. "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Nilikuwa na kiuno!"

"Na mimi nilikuwa na nywele," alisema mwenyekiti wa Ndoo, na mkono wake ukaenda kichwani wenyewe, ukarudi bila kitu. "Mke wangu haamini kwamba niliwahi kuwa na nywele. Nani amesema filamu hii ichomwe?"

"Chama chako, mheshimiwa," alisema Katikati. "Na chako."

"Upuuzi! Hii ionyeshwe kwenye mikutano yote," alisema mwenyekiti wa Mwavuli.

Katikati alihisi moyo unafunguka. Ukafungwa upesi, kwa maana mwenyekiti wa Mwavuli alikuwa ameshaendelea.

"Ila mtuondolee huyu wa kulia. Mkasi tu hapo katikati. Kiuno kibaki, leso iondoke."

"Aondoke nani? Aliyekuwa anajua kucheza ni mimi! Wakukate wewe!"

"Tengenezeni mbili," katibu mkuu aliamua, amefurahi kuona suluhu. "Kila chama kipate yake. Mama mtunza nyaraka, lete mkasi."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Katikati alikuwa amesimama kando ya mashine. Alifikiria kiti chake, pensheni yake, na jinsi majirani watakavyocheka.

"Sileti," alisema. "Kuchoma ni kuua, na kukata ni kuua kwa zamu. Walikuwa wawili, watabaki wawili. Mkitaka mkasi, mleteni na mtu wa kuushika, mimi nitakuwa nimeshaondoka."

Katibu mkuu akafunga kalamu yake polepole. Macho yake yalikuwa tayari yanampima mtu mwingine kwenye kile kiti.

"Kanuni yako imesema tuulize wananchi," alisema. "Uliza, tumalize."

"Kuna mwenye pingamizi?"

Watu wakatazama viatu vyao. Nani anyanyue mkono mbele ya wenyeviti wawili kwa mpigo? Feni ilizunguka. Katikati aliuma midomo asilie.

"Mie sina pingamizi, nina swali," ilisikika sauti ya mstari wa mbele. Ilikuwa ya mama mkwe. "Mbona haijaisha? Mnakata nguo ambayo hamjaikunjua?"

Ni kweli, filamu ilikuwa imesimamishwa kwenye kukumbatiana. Fundi mitambo alimtazama Katikati, Katikati akatikisa kichwa kukubali, mashine ikapigwa kofi tena.

Vijana wawili wakaachiana. Nyuma yao likaonekana bomba, jipya, limefungwa utepe. Utepe ukakatwa. Watu wa mtaa walikuwa wamepanga foleni ndefu na vyombo vya kila namna, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa msichana mwenye mtungi, anacheka na meno yote. Vijana wakashika kifunguo cha bomba pamoja, mkono juu ya mkono, wakazungusha.

Foleni ikasogea mbele. Bomba likakohoa. Likatoa vumbi kidogo. Wakazungusha tena. Ngoma ikanyamaza. Msichana aliusogeza mtungi karibu zaidi, bado anacheka, kama vile kosa ni la mtungi. Walizungusha mara ya tatu, kisha filamu ikaisha, ukuta ukawa mweupe.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alilijua bomba lile. Liko palepale kwenye kona, watoto hulitumia kama goli.

"Huyo mwenye mtungi ni mimi," alisema mama mkwe. Hakuwa akimwambia yeyote hasa. "Nilikuwa sijaolewa bado. Nilisimama pale hadi jua likazama."

Mkono mmoja ukanyanyuka nyuma ya ukumbi. Halafu mwingine. Fundi mitambo akanyanyua wake. Kinyozi akanyanyua, akamtazama mwenyekiti wake, hakuushusha. Shemeji alimtazama mama yake, akanyanyua yote miwili. Ukumbi ukawa mikono mitupu, mikono iliyotoka kwenye makoti ya kijivu, na hakuna ambaye angeweza kusema upi ni wa nani.

"Nimeandika: pingamizi limepatikana," alisema Katikati. Alikuwa analia, na safari hii hakuficha. "Filamu inabaki kama ilivyo."

Wenyeviti walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye makoti yao matatu, wanatazama ukuta mweupe.

"Basi kama inabaki," alisema mama mkwe, akijiweka sawa kitini, "irudishe nyuma, mkwe wangu. Labda safari hii maji yatatoka."

Katikati akamwashiria fundi. Mashine ikazunguka, vijana wakacheza, utepe ukakatwa upya. Na mikono miwili iliposhika kifunguo, ukumbi wote, hata wenyeviti, wakainama mbele kidogo kutazama.